Jinsi ya kumuaga mwalimu wenu kwenye shule ya kanisa bila kumchosha: mwongozo kamili kutoka Tabora

Tumsifu Yesu Kristo wadau, na wenzetu asalaam aleikum, maana darasa letu lilikuwa mchanganyiko na salamu zote mbili zilitembea.

Naandika hii kwa sababu watu wamekuwa wananipigia, wengine siwajui kabisa, "kaka tunataka kumuaga mwalimu wetu anastaafu tunaanzia wapi". Mi nimekuwa katibu wa kamati ya kuaga mara mbili hapa Tabora, ya kwanza tuliharibu, ya pili ikakaa vizuri, kwaiyo nitawapa zote mbili.

Ile ya kwanza tulikuwa tunamuaga mama mmoja aliyetufundisha Kiswahili. Tukaalika mgeni rasmi mkubwa, akachelewa masaa matatu, mama wa watu kakaa meza kuu na shada la maua ya plastiki shingoni jua la Septemba linampiga, watoto wa form one wanasinzia kwenye madawati. Mgeni kafika, hotuba zikaanza, nikahesabu kumi na moja, kila mmoja anaanza na "itifaki imezingatiwa" alafu anaitaja itifaki yote upya. Mama kapewa maiki saa moja kasorobo, umeme ukakatika, jenereta tuliikodi ila mafuta hakuna aliyekumbuka. Akasema kwa sauti yake tu, "asanteni wanangu", wa mistari ya mbele wakasikia, basi. Mwalimu wa Kiswahili, aliyetufundisha hotuba inaanzaje na inaishaje, siku yake kaongea maneno mawili. Bado inaniuma.

Kwaiyo kanuni niliyotoka nayo ni moja na hatua zote chini zinatokana nayo: mgeni rasmi ni mwalimu mwenyewe. Sio mheshimiwa, sio mfadhili, sio ninyi mnaotaka kupiga picha. Kila mkibishana kwenye kamati ulizaneni, hapa mwalimu anapata nini? Jibu likikosekana, kata.

HATUA YA 1: Jueni anaondokaje

Kuna anayestaafu kwa umri, hiari ni miaka 55 na lazima ni 60, huyo mna muda wa kutosha. Kuna anayehamishwa. Alafu kuna padre au sista, na huyo ndo huwa anawashtua watu maana barua ya uhamisho ikitoka anaweza kuwa na wiki mbili tu, yeye ni mtu wa utii, akiambiwa nenda anakwenda. Kwa sista msikimbilie kununua zawadi kubwa, ana nadhiri ya ufukara na kitu mnachompa kwa kawaida kinakuwa cha jumuiya yao, kwaiyo mfuateni mama mkubwa wa jumuiya muulize kwa adabu kitu gani kinafaa. Tuliwahi kusikia watu wamemnunulia sista friji, friji lipo konventi na yeye yupo mkoa mwingine.

Kwa anayestaafu kuna kitu hakina keki wala muziki ila kina faida kuliko vyote. Shule nyingi za kanisa ni sekta binafsi, mafao yake yako NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtafuteni mtu mmoja mnayemwamini, anayejua makaratasi, akae na mwalimu mapema aangalie michango yote ya miaka yote kama imeingia, majina yameandikwa sawa na yale ya kitambulisho cha taifa. Herufi moja ikikosewa inamzungusha mzee ofisini miezi. Hii ifanyike kimya kimya, isitangazwe kwenye grupu.

Na mwambieni kwamba mnataka kumuaga. Sapraizi ya mia kwa mia kwa mtu wa miaka 60 mwenye presha sio nzuri. Mwambieni siku na saa, mficheni yaliyomo. Sisi mwalimu wetu wa hesabu (ndo wa mara ya pili, mtamsikia sana humu) alipoambiwa alisema hataki sherehe, tukamwacha, tukarudi wiki iliyofuata na mke wake yupo, mama akasema "we kaa kimya, watoto wanataka kukuona". Ikapita.

HATUA YA 2: Kamati ndogo na ruhusa ya mkuu wa shule

Watu saba wanatosha. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mmoja kutoka kwa walimu waliopo, mmoja wa chakula, mmoja wa watoto na misa, na mmoja anayeishi Tabora mjini kabisa mwenye pikipiki, huyu wa mwisho ndo atakayefanya kazi zote. Wale wa Dar na Mwanza watachangia hela na maoni, maoni yatakuwa mengi kuliko hela, zoeeni.

Ruhusa inaombwa kwa barua kwa mkuu wa shule, na mkuu atamtaarifu padre wa shule au ofisi ya elimu ya jimbo kulingana na utaratibu wao. Msianze kuchangisha kabla ya jibu.

HATUA YA 3: Tarehe

Hapa watu wanachukulia poa alafu wanajuta. Kwa Tabora mi nashauri Jumamosi ya katikati ya Septemba. Mvua zinaanza Novemba na zinaenda mpaka Aprili kwaiyo turubai utalikodi kwa wasiwasi, Juni watoto wako likizo, Novemba form four wako kwenye mtihani wa taifa na hakuna mwalimu atakayekubali makelele, form siksi nao Mei wana wa kwao. Kwaresima isahau, huwezi kualika watu kula ndafu wakati kanisa linafunga. Alafu mwanzoni mwa Oktoba mapadre mjini wanabanwa, tarehe 1 ni sikukuu ya Mtakatifu Theresa wa Mtoto Yesu na ndo somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa kanisa kuu letu, kwaiyo ukimfuata padre wiki ile atakuambia mwanangu subiri. Tarehe 5 Oktoba ni siku ya walimu duniani na inavutia, ila mjue mnagongana na hiyo ya tarehe 1.

Na msiunganishe na mahafali ya form four ili kubana matumizi. Mahafali ni ya wahitimu na wazazi wao, mwalimu atapewa dakika tano katikati ya vyeti na maigizo, atapewa na saa ya ukutani, basi amekwisha. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

HATUA YA 4: Hela

Fupi tu. Fungueni M-Koba (ile ya kikundi kuweka hela kwa simu) au akaunti ya kikundi benki, msikusanye kwenye simu ya mtu binafsi hata kama ni mtawa. Wekeni kiwango cha chini kidogo ambacho hata aliyemaliza mwaka jana na anauza vocha stendi anaweza, na msitaje nani katoa ngapi, andikeni majina tu. Ile tabia ya kubandika orodha kila jioni na wenye sifuri wako chini kwa herufi nyekundu inafukuza watu, na mara nyingi hao wa sifuri ndo mwalimu angependa kuwaona zaidi.

Watoto waliopo shuleni wasichangishwe hata shilingi. Ada ya mzazi imetoka kwenye tumbaku au kwenye asali, hawezi kuja kuongezewa mchango wa kuaga. Watoto watatoa sauti zao na miguu yao, tutafika huko.

HATUA YA 5: Kukusanya kumbukumbu (anzeni hii miezi mitatu kabla)

Hii ndo roho ya shughuli, kama una nguvu kidogo tu ziweke hapa, hata chakula kikiwa maharage.

Mpe kila mtu swali moja. Usiwaambie "andika unavyomkumbuka mwalimu", watakuletea "alikuwa mlezi bora na mchapakazi", maneno ambayo unaweza kuyasoma kwenye msiba wa mtu yeyote. Waulize: alikuambia sentensi gani ambayo mpaka leo unaisikia? Au, siku gani ulimuogopa na siku gani ulijua anakupenda? Sisi tuliuliza hilo la kwanza na majibu 60 na kitu yakaja, na karibu nusu yana neno moja, "Rudia". Yule mzee alikuwa hapigi wala hafoki, anaangalia daftari lako, anachukua kalamu nyekundu, anaandika Rudia, anakurudishia. Ukirudia ukikosea tena anaandika Rudia tena. Jamaa mmoja ni fundi umeme sasa hivi anasema akimaliza nyaya za nyumba anasikia kabisa mtu nyuma yake anasema rudia, anarudia kukagua. Mwingine ni nesi, anahesabu dozi mara mbili. Mwingine alifeli hesabu mpaka mwisho, akapata F yake, na akaandika kwamba mwalimu alimfuata siku ya mwisho akamwambia "wewe umerudia mara nyingi kuliko wote, huwezi kushindwa maisha". Nilisoma hiyo niko kwenye daladala nikashuka kituo sio changu.

Zikija, fanyeni hivi. Waombe waandike kwa mkono wao kwenye karatasi, wapige picha watume, kisha karatasi yenyewe itumwe kwa basi. Mwandiko una maana kwa mwalimu kuliko kitu cha kuchapa, yeye anawajua kwa miandiko, wetu alikuwa anafungua karatasi anataja jina kabla hajafika chini. Mzichome matundu, mzifunge kwenye jalada gumu kwa mtu wa stationari, weka na picha za zamani. Picha za zamani mtazipata kwa mpiga picha wa mjini aliyekuwa anakuja mahafali, na kwa wazazi, sio kwenye simu. Wale wasioweza kuandika vizuri wapigieni simu mrekodi sauti, mzihamishie kwenye flashi, mzee atasikiliza kwenye redio yake yenye tundu la flashi, redio hizo kila nyumba ipo.

Mtu mmoja azisome zote kabla. Sio kwa kuchuja mabaya tu, kuna ambao wataandika siri zao, mwalimu kumlipia ada, mwalimu kumtoa kwenye matatizo ya nyumbani, hizo ziingie kwenye kitabu ila zisisomwe kwenye maiki bila ruhusa ya mwenyewe. Na jina la utani la mwalimu, kabla ya kulitangaza mbele ya padre na wajukuu zake, hakikisheni analijua na analipenda.

HATUA YA 6: Misa ya shukrani

Nendeni kwa padre mapema na nia ya misa, pelekeni na sadaka ya nia kama kawaida. Jumamosi asubuhi saa 3 ni nzuri. Mkiweka Jumapili masomo ni ya Jumapili hiyo, msimsumbue padre awabadilishie, Jumamosi kama haijaangukia sikukuu mna nafasi zaidi ya kuchagua.

Gawaneni: watumikiaji wawe watoto waliopo, wasomaji mmoja mtoto mmoja aliyemaliza, sala za waamini ziandikwe na TYCS (wanafunzi Wakatoliki) wa shule, ziwe fupi na mojawapo iwaombee walimu waliotangulia mbele ya haki. Kuna mtakatifu msimamizi wa walimu, Yohane Mbatizaji de La Salle, Mfaransa, Papa Pius XII alimtangaza hivyo mwaka 1950, mnaweza kumtaja. Kwaya wafanye mazoezi ya nyimbo ambazo mwalimu anazijua, sio siku hiyo ndo mnaleta wimbo mpya wenye vinanda vitatu.

Kuhusu matoleo naomba mnisikilize. Siku hizi kuna mtindo wa kupeleka chaki, rula, globu, mpira, altareni, ati alama ya kazi ya mwalimu. Kinachotolewa altareni hakirudi, sasa globu ya shule utaifuata sakristia Jumatatu? Pelekeni mkate na divai, na mchele na sabuni na mafuta kwa ajili ya wahitaji, sisi tulipeleka magunia mawili ya mahindi kwa wazee wasiojiweza, mwalimu alifurahi kuliko tungepeleka kompasi ya ubao. Zawadi zake yeye zisubiri ukumbini.

Neno la kumshukuru ndani ya misa liwe moja, la dakika mbili, baada ya sala ya komunyo kabla ya baraka, na padre akikubali amwite mwalimu na mke wake mbele awabariki. Hapo watu watalia, andaeni leso, songeni mbele.

Na wale wenzetu Waislamu: andikeni saa kwenye kadi vizuri. Misa saa 3, shughuli ya bwaloni na chini ya miembe saa 5. Anayetaka kukaa kanisani akaribishwe, asiyetaka aje saa 5 na asijione amechelewa. Mara ya kwanza tuliandika "saa 3 asubuhi" tu, watu wakakaa getini masaa mawili wanapigwa vumbi.

HATUA YA 7: Watoto waliopo, na ile ari ya shule

Kuna kitu waliomaliza tunakisahau. Tunadhani siku ni yetu na mwalimu, kumbe kuna watoto 400 pale wamevaa sweta ileile tuliyovaa sisi, na wao ndo wanabaki na pengo Jumatatu. Wakikaa pembeni kama watazamaji, mmepoteza.

Ari ya shule hailetwi kwa hotuba ya "tuipende shule yetu". Inakuja kwa vitu vidogo ambavyo vinafanywa vilevile miaka nenda rudi. Kengele ya kwetu ni kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, kinagongwa kwa chuma. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, mji huu umekulia kwenye chuma hicho, na kengele hiyo aliyemaliza miaka ya themanini na anayesoma leo wanaitika mlio mmoja. Kwaiyo siku hiyo hatukutumia MC kuanzisha shughuli. Kaka mkuu aligonga reli kama ya paredi ya asubuhi, na nakwambia watu wazima wenye vitambi, mmoja hakimu, walitembea wenyewe wakapanga mistari ya mabweni yao bila kuambiwa. Mwalimu akasimama mbele, watoto na wazee wote kwa pamoja "Shikamoo mwalimuuu". Hiyo iligharimu shilingi sifuri.

Tafuteni ya kwenu. Vitu vinavyofanya kazi:

Mabweni yashindane. Ya kwetu yana majina ya watakatifu na ushindani wake ni wa damu. Wiki moja kabla tuliwapa kila bweni wimbo mmoja au ngonjera ya kutunga wenyewe kuhusu mwalimu, dakika nne, majaji ni wapishi wa shule. Ndio, wapishi, wanawajua watoto kuliko mtu yeyote na hawana upendeleo, au wanao ila hakuna wa kuwabishia.

Mechi ya waliomaliza na waliopo, nusu saa kila kipindi, sio zaidi maana mna watu wa sukari. Mtafungwa.

Kumsalimia kwa lugha ya kwao. Mwalimu wetu ni wa Uvinza, mkoa wa Kigoma, na kwa miaka yote alikuwa anavumilia "mwangaluka" yetu ya Kinyamwezi kila asubuhi. Form two wakajifunza kwa siri wakamwambia "Mwakeye mwalimu", Kiha safi, akageuka akatafuta nani kasema, wakasema tena wote. Mzee akatoa miwani akaifuta. Miwani ilikuwa safi.

Mti. Kila mtu anataka kupanda mti wa kumbukumbu na kila mti nimeuona umekufa, kwa sababu mnapanda Septemba kwenye ardhi kama tofali, mnapiga picha, mnaondoka. Siku ya shughuli chimbeni shimo tu mwalimu atie jembe la kwanza, wekeni samadi, mche upandwe mvua zikishika na mwagilieni kwa zamu ya bweni moja linalotajwa kwa jina. Mwembe wa kwetu una miaka mitatu na unaishi.

Na kitu cha kubaki kinachorudi kila mwaka, ila kiwe kidogo mnachoweza kukibeba. Watu wanakurupuka na mfuko wa kusomesha yatima kumi, mwaka wa pili hakuna hela, jina la mwalimu linabaki kwenye bango tu. Sisi tuliweka shindano la hesabu la mabweni, kila mwaka wiki ya mwalimu, zawadi ni daftari na kalamu nyekundu. Linaendelea.

Kama mnataka kuwaambia watoto habari ya ualimu na Tabora mnayo ya kwenu, msiende mbali. Nyerere akitoka Makerere alikuja kufundisha hapahapa, shule ya St. Mary's ya mapadre, 1946 mpaka 1949, na Padre Richard Walsh aliyekuwa mkuu wa shule akamsaidia kwenda kusoma Edinburgh. Baadaye akawa rais na bado watu wakamwita Mwalimu. Dakika moja inatosha kuisema, mtoto wa form one akitoka na hilo kichwani sio mbaya.

HATUA YA 8: Chakula

Watoto na wageni wale chakula kimoja na kwa wakati mmoja. Hili halina mjadala. Mara ya kwanza wageni walikula pilau na kuku, watoto wakapewa makande yao ya Jumamosi huku wanasikia harufu, mwalimu aliona, hakula.

Hesabu tuliyotumia, watu 500: mgeni wa kawaida kilo moja ya mchele watu wanane, ila mtoto wa bweni sio mgeni wa harusi, kwake kilo moja watu sita. Watoto 400 kilo 67, wageni 100 kilo 13, jumla 80. Nyama kilo moja watu sita. Soda kreti ni chupa 24, kwaiyo kreti 21. Ng'ombe achinjwe na Mwislamu, kila mtu atakula bila kuuliza, hapa mjini ndo ustaarabu wetu siku zote. Ongezeni maharage kwa wasiokula nyama, na maji ya kunywa mengi maana joto la Septemba halina utani. Wapishi wa shule wapewe posho ya siku hiyo, sio asante tu. Turubai kama mna miembe ya kutosha msikodi, hela hiyo wekeni kwenye mafuta ya jenereta. Narudia, mafuta ya jenereta.

HATUA YA 9: Hotuba, zawadi, na maiki ya mwalimu

Wasemaji watano: mkuu wa shule, mwalimu mwenzake, aliyemaliza zamani, mtoto mmoja, mtu wa familia. Dakika tatu kila mmoja, na kijana kasimama kwenye reli na chuma mkononi, ikifika dakika ya tatu anagonga. Mheshimiwa akija, karibu sana, akae, ale, asalimie. Tuliyekuwa naye sisi alitaka kuongezewa muda, reli ikagongwa, akacheka akakaa.

Na mwalimu asiongee mwisho! Aongee baada ya wasemaji wawili, akiwa bado ana nguvu, watoto wakiwa bado macho, umeme upo. Mpeni maiki na kiti na msimpangie muda. Wa kwetu aliongea dakika 25, kumi kati ya hizo alikuwa ubaoni maana alikuta ubao mtu kauacha pale (nani aliuacha, mi sijui), akaandika swali, akaanza kuita majina ya wazee wa miaka 45 waje mbele. Sijawahi kuona hakimu akitetemeka vile.

Zawadi: fikirieni inafikaje kwake. Wa kwetu anarudi Uvinza kwa treni, na kuna mtu akaleta wazo la mabati 40 yapangwe ukumbini yapigwe picha. Yanapanda treni na nani? Tukampa hela ya mabati kwenye bahasha, ayanunue Kigoma mwenyewe, na mkononi tukampa kitabu cha barua, vitenge vya mama, dumu la asali ya Sikonge, na kalamu nyekundu boksi zima. Kiasi cha bahasha kisisomwe kwenye spika, mnamtengenezea mzee wezi na ndugu wasioisha. Foleni ya kwenda kutuza kwa kucheza iwe wimbo mmoja, na watoto wapite kumshika mkono, mtoto asiyekuwa na kitu apite vilevile.

Saa 10 na nusu mfunge. Wa Nzega na Urambo wawahi magari, watoto wapumzike wana prepo, kujisomea usiku.

HATUA YA 10: Kumsindikiza na kufunga hesabu

Siku ya treni msiende wote. Waende watu sita, wabebe mizigo, wakae naye jukwaani, treni ikichelewa wanaye wa kupiga naye stori, ikija wampandishie mabegi, wahesabu vitu, wampigie aliyeko Uvinza ampokee. Wekeni na chakula cha njiani na maji.

Ndani ya siku kumi toeni hesabu kwenye grupu, kila senti, na picha za risiti. Picha za watoto msizirushe mitandaoni hovyo bila ruhusa ya shule, za watu wazima sawa. Kilichobaki mtumieni mwalimu au kiende kwenye kalamu za shindano. Na mwalimu akishatulia muulizeni kama anataka kuingizwa kwenye grupu, wa kwetu alikubali.

Tukamuingiza jioni moja, watu wakamwaga maua na mikono ya kupiga makofi, kama mia hivi. Mzee kimya. Kesho yake saa 12 asubuhi nikakuta ujumbe wake wa kwanza, kaenda juu akafungua ile ripoti yangu ya matumizi, kaandika: "Katibu, kreti 21 mara chupa 24 ni 504. Umeandika 524. Rudia."